Tulivyovuna Manyoya ya Sungura Kamina

Wanangu,

Mwalimu wenu alipita nyumbani akanieleza kwamba vizimba vimekwisha kujengwa nyuma ya shule, na kwamba sungura wa angora watafika kwa treni baridi ikishapungua. Aliniomba nije niwaonyeshe kazi. Miguu yangu haiwezi tena kutoka site, mtaani kwangu, hadi huko na kurudi, kwa hiyo nimeona afadhali niandike. Mimi ni Monga. Wengi mjini bado wananiita Mama Monga wa sungura, ingawa ni muda mrefu sijashika sungura. Nilifanya kazi katika atelie ya masista, karakana yao ya kusokota na kufuma hapa Kamina, tangu nilipokuwa mjane kijana, na nilistaafu hapo hapo. Aliyenifundisha ni mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Numbi. Sitafuata miaka ilivyopangana. Nitasema jinsi mambo yanavyonijia.

Kwanza, msahauni sungura mnayemjua, yule wa kuliwa na bukari, ugali wetu. Angora ukimwona mara ya kwanza unadhani mtu amesahau mto wa kitanda juu ya meza. Manyoya yanamfunika mpaka masikioni, na ukimpuliza ubavuni yanagawanyika hadi unaiona ngozi. Mama Numbi alinipulizisha hivyo kila asubuhi kabla hajaniruhusu kuvuta hata unywele mmoja. Aliniuliza ninaona nini. Nikamjibu kwamba naona ngozi. Akaniambia niangalie tena, akaenda zake kuchota maji. Ilipita muda kabla sijaona alichotaka nione: chini ya manyoya marefu, mengine mafupi yanachipua, kama mahindi machanga yanavyoota katikati ya mabua ya zamani. Hiyo ndiyo dalili. Mapya yakichipua, ya zamani yameanza kuachia ngozi, na hapo unaweza kuyavuna bila kumwumiza mnyama. Kwa sungura mzima hutokea kila baada ya miezi mitatu hivi. Lakini msihesabu kalenda. Pulizeni.

Kuvuna kwenyewe kunataka utulivu. Kaa kwenye kiti kifupi, tandika kitambaa cheusi mapajani kama sungura ni mweupe, umwache kwanza akuzoee. Mkono mmoja unanyoosha ngozi kidogo, mwingine unashika nywele chache tu kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na ncha, unavuta kufuata upande zinakolala. Zilizo tayari zinakuja zenyewe. Zisizokuja, ziache. Sungura ni mnyama asiye na sauti. Siku ukimsikia analia mikononi mwako, ujue umekosea vibaya. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, mrudishe kizimbani mwake.

Wapo sungura wa angora ambao manyoya yao hayaachii, hao hukatwa kwa makasi. Inua nywele, usiinue ngozi. Ngozi ya sungura ni nyembamba, inafuata mkono kama kitambaa, na makasi hayajui kutofautisha. Kwa jike, tafuta chuchu kwa kidole kabla ya kukata tumbo. Na msimu wa baridi, Juni na Julai, msimwache sungura uchi kabisa. Bakizeni manyoya mgongoni, mtieni nyasi kavu nyingi, maana baridi ya Kamina asubuhi inaingia hata kwa mtu aliyevaa koti.

Tulikuwa na vikapu vitatu. Cha kwanza kilipokea manyoya marefu na safi ya mgongo na mbavu. Cha pili, ya shingo na mapaja, ambayo ni mafupi. Cha tatu, yaliyoshikamana au kuchafuka, ambayo tulijazia mito. Mkichanganya hapo, hamtaweza kutenganisha baadaye. Yahifadhini kwenye mfuko wa kitambaa, yakiwa huru. Mkiyashindilia yanashikana, na kuyachambua ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

Mama Numbi alizaliwa upande wa Kaniama, kwa wazazi waliolima pamba, na alipenda kulinganisha. Alikuwa akiweka pamba, sufu ya kondoo, nyuzi za rafia na manyoya ya angora katika bakuli moja, halafu anampa mwanafunzi aguse, avute, aloweshe maji. Pamba inakunywa jasho, inapoza mwili, lakini ikilowa inakuwa nzito na baridi. Rafia ina nguvu kuliko zote, bibi zetu waliisuka ikakaa miaka, ila haina joto. Sufu ya kondoo ina mawimbi, ukiivuta inarudi, ndiyo maana sweta yake haipotezi umbo. Angora haina mawimbi hayo. Unywele wake ni mwembamba mno, unateleza, na ndani una vijumba vidogo vya hewa. Hewa hiyo ndiyo inatunza joto. Ukiweka mkono ndani ya mfuko wa angora, kabla hujamaliza salamu umeanza kusikia vuguvugu. Uzi wa nailo wa sokoni nao mtauziwa kwa jina la angora, msiwe na shaka. Chomeni ncha yake. Nailo inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Manyoya ya kweli yananuka kama nywele zilizoungua na jivu lake linasagika kati ya vidole.

Kwa sababu angora inateleza, isokoteni kwa kukaza kuliko sufu, na muichanganye na sufu ya kondoo. Masere Beatrisi, sista aliyekuwa mkuu wa atelie, hakuliamini hilo mwanzoni. Alimfumia padri mzee wa parokia sweta ya angora tupu. Siku ya kwanza padri aling'aa kama malaika. Jumapili baada ya Jumapili sweta iliendelea kushuka, ikapita kiuno, ikakaribia magoti, na manyoya yakabaki juu ya altare na juu ya mabega ya kila aliyemsalimu. Mwishowe mpishi wake akaamua kuisaidia kwa kuifua na maji ya moto na kuisugua. Ilitoka nene kama zulia, ikimtosha mtoto anayejifunza kutembea. Masere aliitundika ukutani katika atelie, na mtu akiuliza ni ya nani, alijibu kwamba ni ya padri, akaendelea na kazi bila kucheka.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wazee wa reli. Migongo yao ilichakaa kwa kubeba mataluma, yale magogo mazito ya chini ya reli, na kulala kwenye baridi ya stesheni, kule Luena na hapa. Tuliwafumia mikanda mipana ya kufunga kiunoni. Haikuponya kitu, lakini mzee aliyeshindwa kuinuka asubuhi alikuwa anainuka. Watoto wachanga hatukuwafumia, kwa sababu nywele hizo huingia puani na mdomoni.

Sungura naye hudhurika na nywele hizo. Anajilamba, anazimeza, na hawezi kutapika. Zikifungamana tumboni anaacha kula, na siku chache baadaye anakufa huku anaonekana mnene na mzuri. Mpeni nyasi kavu kila siku, ndizo zinazosukuma. Na Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, joto linamwua haraka kuliko ugonjwa. Tulimwagia maji paa la nyasi na kuweka chupa za maji baridi vizimbani, wakalala wameziegemea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwalimu wenu hakuniuliza. Ninyi wengine mmesikia nusu yake, kwamba sungura wa masista waliliwa na wakimbizi. Waliliwa, ni kweli. Nataka mjue ilivyokuwa.

Ilikuwa masika. Watu walianza kufika kutoka upande wa Malemba-Nkulu, wakikimbia watu wenye silaha waliochoma vijiji vyao. Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, wanawake wengi na watoto wengi. Masista waliwaweka katika ukumbi wa parokia, na ukumbi ulipojaa, kwenye baraza ya atelie, karibu na vizimba. Watu wa Kamina walileta walichokuwa nacho, Wakatoliki na Wametodisti, mihogo, mahindi, nguo za watoto.

Kati yao alikuwemo mwanamke aitwaye Ngoie. Alikuja peke yake. Hakuzungumza na mtu. Tulijua jina lake kwa sababu mwanamke wa kijiji chake alitutajia, na tulijua pia kwamba hatupaswi kumwuliza habari za watoto. Aliketi tangu asubuhi mbele ya vizimba akiwatazama sungura. Siku moja Mama Numbi alimtoa jike mmoja wa kijivu, akamweka mapajani mwake, akaondoka. Ngoie alimshika kama mtu anayekumbuka jambo. Mama Numbi akarudi na kitambaa na kikapu, akakaa karibu naye, akaanza kuvuna, na Ngoie akamwiga.

Nimeona mikono mingi katika kazi ile. Ya kwake sikuwahi kuona mfano. Sungura alikuwa analala huku anavunwa. Alijua mahali pa kuacha bila kuambiwa. Mama Numbi alimtazama, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba huyu angeweza kushika atelie siku yeye akichoka. Nilisikia wivu kidogo, ukapita.

Halafu chakula kikaanza kuisha. Mvua ilikata barabara, malori yakakwama njiani, treni haikuja. Masere Beatrisi aligawa ghala la masista mpaka likabaki vumbi. Watu walikula mara moja kwa siku, baadaye uji mwepesi tu. Sungura wetu waliendelea kupata pumba ya mahindi iliyochanganywa na mbaazi zilizosagwa, kwa sababu majike walikuwa wananyonyesha. Ilikuwa desturi ya kazi, na hakuna aliyeifikiria.

Asubuhi moja mimi na Mama Numbi tulikuja na ndoo ya chakula cha sungura kwa mzunguko wa pili. Tuliwakuta watoto mbele ya vizimba. Walikuwa wamepitisha mikono katikati ya waya na kuchota pumba kwenye mabakuli. Hawakuwa wanagombania. Msichana mkubwa kidogo ndiye aliyechota, akiwatilia wadogo mkononi mmoja baada ya mwingine, na mwishoni akalamba kiganja chake. Walipotuona waliganda.

Mama Numbi hakuwafukuza. Aliweka ndoo chini, mbele ya yule msichana, akageuka akaenda moja kwa moja kwa Masere Beatrisi.

Baadaye Masere alinieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameliwaza jambo hilo siku kadhaa na hakuthubutu kulitamka. Sungura wale walikuwa kazi ya wanawake wengi, na kwa Mama Numbi, ambaye hakujaliwa mtoto, walikuwa zaidi ya kazi. Alimwambia kwamba atelie ni yetu na uamuzi uwe wetu.

Tukakutana ndani ya atelie, wafanyakazi wote. Hamna budi kuelewa kilichokuwa mezani. Wengi wetu tulikuwa wajane. Mimi nilikuwa nalisha na kusomesha watoto wangu kwa mikanda ile ya wazee wa reli. Sungura wa angora hakupatikana mwingine karibu, wale wa kwetu walikuwa vizazi vya wanyama walioletwa kutoka mbali sana, wakati wa sista aliyekuwa amekwisha kufa. Wakiisha, wameisha. Mmoja wetu alisema tungoje malori kidogo. Mwingine alisema nyama yenyewe itakuwa ya siku chache tu, kisha njaa itarudi palepale nasi tutakuwa hatuna kitu. Hakuna aliyesema kwa ubaya.

Mimi niliomba tubakize dume mmoja na jike mmoja. Nilisema wawili tu, tuwafiche hata nyumbani kwangu, tuwalishe majani ya barabarani. Wanawake wengi waliitikia. Mama Numbi alikuwa anatazama sakafu. Niliona kwamba naye alitaka hivyo, alitaka sana.

Ngoie alikuwa amesimama mlangoni, amembeba yule jike wa kijivu. Nilidhani atamwombea. Ilikuwa mara ya kwanza tusikie sauti yake.

"Mama," alimwambia Mama Numbi, "minyi nilikuwa na batoto babili. Njala njo ilibaua, mu njia. Kama muntu angenipatia hata mumoja wa hawa, singeuliza manyoya yake iko ya namna gani."

Akaja akamweka jike mezani.

Mama Numbi alimvuta yule jike karibu naye. Kisha akasema, "Eyo vidye," kama tunavyomwitikia mkubwa kwa Kiluba, ingawa Ngoie angeweza kuwa binti yake. Akasimama akatuambia tulete vikapu.

Tuliwavuna wote kwanza. Masere aliuliza kwa nini, kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri. Mama Numbi alijibu kwamba manyoya ya mnyama aliyechinjwa yanaingia damu na kuharibika, na kwamba hatakubali kazi ya mwisho iwe mbovu. Waliokuwa tayari tuliwavuta kwa vidole. Ambao hawakuwa tayari, na walikuwa wengi, alitukataza kuwavuta. "Hawa, mukate na makasi," alisema. "Tusibaumize mbele ya kufa." Vikapu vilijaa, tukaanza kutandika mashuka. Ngoie alimvuna wa kijivu mwenyewe, taratibu, kama siku zote, akambeba mwenyewe mpaka uani.

Mama Numbi ndiye aliyewachinja, pamoja na katekista wa parokia. Mimi niliwashika. Sungura aliyezoea kushikwa na watu hapigani, na hilo ndilo lililonivunja. Sitawaeleza zaidi.

Chakula kilipoiva, wale wageni waliona haya. Walikuwa wanajua wanyama wale ni nini kwetu, walilala karibu nao. Walishika masahani bila kula, wakitutazama. Sisi wafanyakazi tulikuwa tumekaa upande mmoja, na hakuna aliyetaka hata mchuzi. Mama Numbi akainuka, akajipakulia bukari na kipande cha nyama, akaenda kuketi katikati ya watoto, akala. Alitafuna polepole, akameza, akachovya tena. Watu walipomwona anakula, wakala. Nami nikaenda nikakaa karibu naye nikala, na niliweza kwa sababu yeye aliweza.

Nyama ilifika siku kadhaa, pamoja na supu ya mifupa na zile pumba na mbaazi za sungura, ambazo sasa zilipikwa uji. Malori yalifika baadaye. Haikuwa muda mrefu baadaye, na wapo waliosema kwamba tungevumilia kidogo tu tungekuwa bado na sungura wetu. Sijui. Ninachojua ni kwamba katika siku zile, wengi walipokuwa wamekonda hivyo, hatukuzika mtoto kutoka ukumbi ule wala kutoka baraza yetu.

Manyoya tuliyasokota pamoja na sufu ya kondoo hadi yakaisha. Mama Numbi hakukubali kuuza hata mkanda mmoja. Tuliwafumia wazee wa wakimbizi mikanda, na kina mama mashali ya mabega, maana walikuwa wanalala juu ya saruji. Ngoie ndiye aliyesokota sehemu kubwa ya uzi ule. Kule kwao kulipotulia kidogo, aliondoka na wenzake. Aliagana na Mama Numbi kwa kumshika mikono yote miwili, na sikusikia walichoambiana. Wasafiri waliniletea salamu zake, na mara moja samaki wakavu wa Lualaba. Alikuwa ameolewa tena.

Atelie iligeuka ya kushona sare za shule. Masere alipata mashine. Nilishona sare mpaka nikastaafu, na watoto wangu walisoma, kwa shida kuliko awali, lakini walisoma. Vizimba vilikaa vitupu mpaka mchwa wakavila.

Mama Numbi aliugua miaka kadhaa baadaye, katika msimu wa baridi. Nilikuwa naenda kwake kila mchana nikitoka kazini, namkanda miguu, namsogezea kitanda mlangoni kulikokuwa na jua. Alitetemeka hata juani. Nilimfunika blanketi, juu yake nikaongeza la kwangu, na bado alitetemeka. Nilikumbuka mikanda na mashali yote yaliyopita mikononi mwake, na kwamba katika nyumba ile hapakuwa na hata kipande kimoja. Uchungu ulinipanda. Nikamwambia lile ambalo nilikuwa nimelikalia muda wote, kwamba tungebakiza wale wawili, dume na jike, wawili tu, leo asingekuwa anasikia baridi hivi.

Alifumbua macho. Hakukasirika. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Monga, wale babili, ungebaondoa ku sahani ya mutoto gani?"

Nilizikumbuka sura zao moja moja, kuanzia yule msichana mkubwa na wale wadogo aliowatilia pumba mkononi. Nilikaa pale nikimkanda miguu mpaka jua likaondoka mlangoni, kisha nikakirudisha kitanda ndani.